Kaka yangu amelazwa akisubiri moyo mwingine: nijiandae na nini?

Swali: Assalaam aleikum. Ninaandika kutoka Mombasa. Kaka yangu ana miaka 44 na yuko Uingereza mwaka wa kumi na tano sasa. Moyo wake umetanuka, na madaktari wamesema dawa zimefika mwisho. Amelazwa, ametiwa katika orodha ya dharura ya kupandikizwa moyo, na ameambiwa hatoki mpaka upatikane. Hana mke, kwa hiyo mimi ndiye ninayekwenda kukaa naye. Nataka kujua kitakachofanyika, atakuwa mtu wa namna gani akiwa na moyo wa mwenzake, na je, ataweza kurudi nyumbani? Hilo la mwisho mama analiuliza kila siku.

Jibu: Waaleikum salaam, dada yangu. Poleni sana, wewe, kaka na mama. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, ni muuguzi, na kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa katika wodi ya watu wazima wanaopandikizwa moyo hapa Uingereza. Barua yako niliisoma mara mbili, kwa sababu maswali yako ndiyo ninayoulizwa na ndugu wa wagonjwa kwenye korido usiku, daktari akishaondoka.

Nianze na lililo kubwa. Upandikizaji haumalizi ugonjwa wa kaka, unambadilishia. Alionao sasa unamuua. Atakaoupata baada ya hapo anaweza kuishi nao miaka mingi, kwa sharti la kuulea asubuhi na jioni, kila siku ya maisha yake. Mpasuaji atakuwa naye saa chache, wewe utakuwa naye miezi. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye dawa, chakula na safari ya Mombasa kuliko kwenye kisu.

Kwanza huku kusubiri. Mtu wa orodha ya dharura kwa kawaida moyo wake unashikiliwa na dawa zinazoingia kwa dripu saa zote, au na mtambo, na dawa hizo zikisimama anaanguka. Ndiyo maana hatoki. Utamkuta ana mrija shingoni au mkononi, anatembea na stendi ya dripu kutoka kitandani hadi dirishani. Mhimize atembee, hata hatua ishirini. Anayeingia chumba cha upasuaji na nguvu ya miguu huinuka kitandani mapema kuliko aliyelala wiki nane.

Uingereza nzima ina hospitali sita zinazopandikiza moyo kwa watu wazima: Papworth ya Cambridge, Harefield pembezoni mwa London, na nyingine Birmingham, Manchester, Newcastle na karibu na Glasgow. Zote kwa pamoja hupandikiza mioyo takriban 200 kwa mwaka, na wanaosubiri ni wengi kuliko mioyo. Foleni yenyewe haiendi kwa aliyetangulia tu. Moyo ukipatikana huangaliwa kundi la damu, kisha ukubwa wa mwili, maana moyo wa mtu mdogo hauwezi kulisha mwili wa mtu wa futi sita, kisha kingamwili, yaani askari wa mwili wanaopiga vitu vigeni, zilizomo kwenye damu ya anayesubiri. Mwenye kundi O husubiri zaidi kwa sababu hupokea kutoka kwa O peke yake. Kwa hiyo kaka akiona aliyelazwa jana ameitwa kabla yake, asidhani amerukwa.

Najua pia kwetu jambo la kwanza familia hufanya ni kuulizana nani atatoa. Figo ndugu hutoa. Muhimbili wanapandikiza figo za ndugu walio hai tangu 2017, na Kenya wamekuwa wakifanya kwa muda mrefu. Moyo ni mmoja. Mara nyingi hutoka kwa mtu ambaye ubongo wake umekufa baada ya ajali au damu kuvuja kichwani, mashine ikimpumulia na moyo bado unapiga. Hapa England tangu Mei 2020 sheria inamhesabu karibu kila mtu mzima kuwa amekubali kutoa viungo isipokuwa awe alikataa, lakini familia bado huulizwa, na familia ikilia ikasema hapana, wauguzi hawalazimishi. Kwa hiyo kuna watu wasiokujua, kwenye chumba cha hospitali nyingine, watakaoulizwa jambo hilo saa ya msiba wao. Nitarudi kwao.

Siku moja mratibu wa upandikizaji atakuja kitandani, mara nyingi usiku, aseme kuna moyo ambao huenda ukamfaa. Lishike hilo neno huenda. Kaka ataambiwa asile wala asinywe, ataoshwa kwa sabuni ya dawa, atanyolewa kifua. Wakati huohuo timu nyingine iko hospitali ya mbali, imefungua kifua cha mtoaji, inautazama moyo kwa macho na kuipapasa mishipa yake kwa vidole. Wakikuta mshipa mgumu kwa mafuta, au ukuta mmoja hausukumi sawasawa, wanaukataa, na mratibu anarudi kumwambia mgonjwa kwamba hakuna safari. Nimewahi kukaa na mtu alfajiri, amenyolewa, amevaa gauni la upasuaji, amekwisha kumpigia mkewe simu ya kumuaga, akaambiwa moyo ule haufai. Alilia kwa hasira, kisha akaomba chai. Alipata mwingine baada ya wiki tatu. Ikimtokea kaka, usimwambie papo hapo kwamba haikuwa riziki yake. Mpe chai na mkate, kwa sababu hajala tangu jana, na ukae.

Moyo uliowekwa kwenye barafu una kama saa nne tu, kuanzia damu ilipokatika mpaka itakaporudi. Hivyo kaka ataanza kupasuliwa moyo ungali njiani. Siku hizi ipo pia mashine inayousafirisha ukiwa na joto, unapitishwa damu na unapiga. Kwa mashine hiyo Papworth walianza mwaka 2015 kutumia mioyo iliyokuwa imeshasimama. Nimeuona moyo wa namna hiyo mara moja, ndani ya kasha, unapiga peke yake bila mtu. Sikuweza kusema neno, na mpaka leo nikiukumbuka ninanyamaza.

Kuhusu kisu chenyewe: kifua hupasuliwa katikati, kazi ya kuzungusha damu hushikwa na mashine, moyo wa zamani hutolewa ukiacha ukuta wa nyuma ambako mishipa ya mapafu inaingilia, na moyo mpya hushonwa sehemu tano. Msingi wa ufundi huo ulijengwa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na wapasuaji Norman Shumway na Richard Lower. Huchukua saa nne hadi sita, na zaidi kama kifua kiliwahi kufunguliwa. Kibano kikiachiliwa na damu ya moto ikaingia, moyo hutetemeka kisha hushika mapigo, wakati mwingine baada ya kupigwa shoti ndogo ya umeme.

Utakapoitwa ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, usiingie peke yako mara ya kwanza. Uso wake utakuwa umevimba, mpira wa kupumulia uko mdomoni, mirija inatoa damu kifuani, na nyaya nyembamba zimetoka chini ya kifua kwenda kwenye kisanduku kinachouongoza moyo mapigo. Kwa baadhi ya wagonjwa moyo mpya huchelewa kuamka, hasa upande wa kulia unaosukuma damu kwenye mapafu, na huwekewa mashine ya kuwashikilia siku chache. Figo nazo huweza kuzubaa zikahitaji kusafishiwa damu kwa muda. Yote haya yanatisha, na yote tuna njia ya kuyashughulikia. Mpira ukitolewa usishangae akiongea mambo yasiyo na kichwa wala miguu, aone wadudu ukutani, adhani wauguzi wanataka kumdhuru. Hilo si wazimu wala si jini. Ni dawa, usingizi uliokatikakatika na taa zisizozimwa, na hupita. Ongea naye Kiswahili, mtajie majina ya nyumbani. Nimeona mara nyingi lugha ya utotoni ikimtuliza mtu ambaye sisi tulishindwa kumtuliza. Mambo yakienda vizuri, baada ya wiki tatu hadi nne atatoka hospitali.

Sasa moyo wenyewe, maana una tabia ambazo lazima uzijue wewe unayeishi naye. Neva zake zimekatwa, na hakuna anayeweza kuzishona. Ubongo wa kaka hauwezi kuuambia upunguze mwendo, kwa hiyo utapiga 90 mpaka 110 kwa dakika hata akiwa amelala. Akipanda ngazi hautaharakisha mara moja. Unangoja homoni ziufikie kwa njia ya damu, na hilo huchukua dakika kadhaa, na akikaa unachelewa vilevile kutulia. Basi asiamke kitini na kukimbilia basi, atembee taratibu kwanza. Mlango ukibamizwa mwili utaruka, moyo utafuata nyuma. La hatari liko hapa: miaka inavyokwenda mishipa ya moyo uliopandikizwa huweza kuwa myembamba kidogo kidogo, na kwa kuwa neva hazipo, huenda asihisi kifua kubana hata moyo ukikosa damu. Atakachoona ni pumzi fupi, uchovu asioujua sababu, au miguu kuvimba. Msingoje maumivu.

Mwili nao hautaacha kuutambua moyo huo kuwa mgeni. Kuukataa hutokea zaidi mwaka wa kwanza, mara nyingi bila dalili yoyote, na ndiyo maana huchukuliwa kinyama cha kupimwa. Waya mrefu wenye kikucha kidogo hupitishwa kwenye mshipa wa shingo, kwa ganzi tu, mpaka ndani ya moyo, na kuchota vipande kadhaa vidogo kama punje za ufuta. Mwanzoni ni kama kila wiki, kisha hupanuliwa. Siku karatasi ikiandikwa kwamba kuna kukataliwa, usimpigie mama ukilia. Kiwango kidogo huangaliwa tu au dozi hurekebishwa, kikubwa hutibiwa kwa steroidi, dawa ya kushusha kinga, ya mshipani, kwa kawaida siku tatu, na wengi hurudi sawa.

Kinachozuia hayo ni dawa, na hapa ndipo kazi yako ilipo. Kwa kawaida ataanza na tatu za kushusha kinga: takrolimasi, mikofenoleti na prednisoloni, ambayo ni steroidi ya vidonge. Juu yake zitakuwapo za kumlinda na maambukizi, mojawapo ni septrini, ileile mnayoijua, maana kuna nimonia inayowinda watu wenye kinga ya chini. Mwezi wa kwanza vidonge huweza kuzidi ishirini kwa siku. Kwa nini tunasisitiza hivi? Mtu wa kwanza duniani kupandikizwa moyo wa binadamu mwenzake, Louis Washkansky, aliyefanyiwa na Christiaan Barnard huko Groote Schuur, Cape Town, tarehe 3 Desemba 1967, alikufa baada ya siku 18 moyo ukiwa unapiga vizuri. Aliuliwa na nimonia, kinga yake ikiwa imeangushwa kabisa. Ukishusha kinga kupita kiasi, vijidudu vinamla mtu. Ukiiachia ipande, inaula moyo. Miaka zaidi ya kumi hospitali nyingi ziliacha kupandikiza kwa sababu hiyo, mpaka miaka ya 1980 ilipokuja saiklosporini, dawa iliyotokana na kuvu wa udongoni. Takrolimasi ya kaka ni ndugu yake katika kazi.

Takrolimasi ina mstari mwembamba. Hupimwa kwenye damu, na kipimo kinachotakiwa ni cha dakika ile dawa iko chini kabisa, kabla ya dozi inayofuata. Kwa hiyo asubuhi ya kliniki asiimeze. Aibebe mfukoni, atolewe damu, ndipo ameze. Kosa hili nimeliona likifanywa na watu makini kabisa. Mtu anameza saa mbili asubuhi kwa uaminifu wote, anakuja saa nne, kipimo kinatoka juu sana, na asipoulizwa dozi inapunguzwa, siku zinazofuata moyo unabaki bila ulinzi wa kutosha. Kwa nyinyi wa saa za Kiswahili kukumbuka ni rahisi: saa mbili na saa mbili, asubuhi na usiku. Akitapika muda mfupi baada ya kumeza, au akikosa dozi, msikisie wala msimpe mbili. Pigeni simu wodini, hata usiku wa manane. Na asikubali dukani kubadilishiwa takrolimasi ya kampuni moja kwa nyingine bila timu yake kujua, kwa sababu haziingii mwilini kwa kiasi kimoja.

Mikono yake itatetemeka. Utamwekea chai na utasikia kikombe kikigonga kisahani. Hiyo ni takrolimasi, na hupungua dozi inaposhuka. Prednisoloni itampa njaa ya ajabu, uso wa mviringo, usingizi mchache na hasira za ghafla ambazo si zake. Sukari na presha huweza kupanda, na figo huhitaji kutazamwa miaka yote.

Chakula, ambako ninaomba unisikilize vizuri wewe mpishi wa Kipwani. Balungi asile kabisa, wala juisi yake, na danzi vilevile, hata la achari. Yanazuia mwili kuivunja takrolimasi, na kiwango chake kwenye damu hupanda mpaka kuumiza figo. Viungo vya pilau havina neno. Ila manjano ya kunywa kwa kijiko kama dawa, habasoda, mwarobaini na chupa yoyote atakayotumiwa na shangazi kwa mapenzi, zote zisimame nje ya mlango mpaka mfamasia wa upandikizaji aseme. Sizitukani dawa za kwetu. Ninasema hakuna aliyezipima kando ya vidonge hivi, na moyo wenyewe ni mmoja. Madafu yana potasiamu nyingi na takrolimasi huipandisha potasiamu, kwa hiyo aulize kwanza vipimo vyake vinasemaje. Nyama iive, mayai yaive, pweza na chaza waive, maziwa yachemshwe, wala asinywe maziwa mala ya kienyeji. Paka akiwepo nyumbani, uchafu wake usafishe wewe. Kifua kinahitaji wiki kadhaa kuunga, kwa hiyo asibebe ndoo wala mtoto wala kuvuta mlango mzito, na akikohoa ajikumbatie mto.

Ramadhani, kwa kuwa umeanza na salamu, nadhani utaniuliza. Dawa mbili kwa siku zikiachana saa kumi na mbili, vipimo vya mara kwa mara na figo zinazotaka maji: mwaka wa kwanza kufunga hakumo. Baadaye wapo wanaojadiliana na daktari wao, hata kubadilishiwa takrolimasi ya mara moja kwa siku, na wapo wanaoambiwa wasifunge kamwe. Alizungumze miezi kabla, siyo usiku wa kuandama mwezi.

Ukaniuliza atakuwa mtu wa namna gani. Kwa Kiswahili swali hili ni zito, kwa sababu tumeupa moyo kila kitu. Mtu ana moyo mzuri, amevunjika moyo, amepiga moyo konde, fulani yuko moyoni mwangu. Basi moyo ukitolewa, kinabaki nini? Wagonjwa wetu wa kila taifa huuliza, na wengine huona haya kuuliza. Ninachokiona mimi kila wiki ni hiki: mtu anaamka na kumbukumbu zake, mapenzi yake, madeni yake na mzaha wake. Anayebadilika hubadilika kwa sababu ya steroidi, au kwa sababu ameona kifo na hataki tena kupoteza siku. Huzuni huja pia, na hatia, kwamba mtu alikufa naye akapona. Hatia hiyo izungumzwe. Hakuna aliyeomba mtu afe ili moyo upatikane. Yule angekufa hata kama kaka hakuwamo kwenye orodha. Kuhusu dini, Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu lilikikubali kifo cha ubongo katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, na hospitali za hapa huwa na imamu wa kuzungumza na mgonjwa. Mtoaji alikuwa wa dini gani hamtaambiwa, wala jina lake. Lakini kaka akitaka anaweza kuwaandikia familia ile barua isiyo na jina, ipitie kwa waratibu. Asiharakishwe. Wapo wanaoandika baada ya mwezi, wapo baada ya miaka minne, na mistari mitano inatosha.

Takwimu, kwa kuwa mama atazitaka: kati ya watu wazima 100 wanaopandikizwa, zaidi ya 80 huumaliza mwaka wa kwanza, na kwa jumla karibu nusu huishi zaidi ya miaka 12. John McCafferty alipandikizwa Harefield mwaka 1982 na Magdi Yacoub, yule daktari Mmisri, na aliishi miaka 33 na moyo ule. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo migumu kuliko yote, kwa hiyo kama viza yako ni ya miezi sita, usiimalize kwenye kusubiri kama mna ndugu mwingine wa kupokezana naye.

Mombasa sasa. Mwambie mama atakuja, Mungu akipenda, ila si mwaka wa kwanza. Mwaka huo vipimo havimwachi aende mbali, na kinga iko chini kabisa. Baada ya hapo, timu yake ikiridhika, wengi husafiri. Abebe dawa zote kwenye begi la mkononi, mara mbili ya anazohitaji, pamoja na barua ya daktari, na zisiachwe garini juani. Kati ya huku na huko kuna tofauti ya saa mbili au tatu kutegemea msimu, kwa hiyo apange na mfamasia jinsi ya kusogeza dozi. Chanjo ya homa ya manjano hatachomwa tena maishani, kwa sababu ndani yake mna kirusi hai. Akitaka kuvuka kwenda Uganda, atahitaji barua ya kusamehewa kwa sababu za kitabibu, na azma hiyo aifikirie mara mbili. Malaria apewe dawa ya kinga inayochaguliwa na timu yake, na alale ndani ya chandarua. Homa ya nyuzi 38 kwa mtu huyu si ya kungoja kesho: hospitali siku hiyohiyo, apimwe malaria na vinginevyo, na wodi ya huku ipigiwe simu.

Na jueni hili, kwa sababu linaua moyo kimyakimya: rifampisini, dawa kuu ya TB, huiteketeza takrolimasi mwilini. Baadhi ya dawa za fangasi na za kifua, kama flukonazoli na klarithromaisini, hufanya kinyume, huipandisha. Daktari mzuri kabisa wa Mombasa anaweza kuandika mojawapo kwa nia njema akiwa hajui mgonjwa wake amebeba nini. Kabla kaka hajaja, mtafutieni daktari wa figo. Anaposikia hivyo mtu hushangaa, lakini madaktari wa figo ndio wanaoijua takrolimasi, kwa ajili ya wagonjwa wao waliopandikizwa, na wanajua maabara inayoipima. Daktari wa moyo atamwangalia kwa eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Kinyama hakitachukuliwa huko, na ndiyo maana ziara iwe ya wiki, si ya miezi.

Mama, kama anatafuta la kufanya wakati huu wa kusubiri, ana kazi ambayo hakuna mwingine awezaye. Akumbuke kama kaka aliwahi kuugua TB, au kulala chumba kimoja na mtu aliyeugua. Kama alipata tetekuwanga na surua utotoni. Kama kadi yake ya kliniki bado iko kwenye kabati. Na mwambie kaka amuulize mratibu kama amepimwa minyoo ya strongiloidi, inayoingia kwa kutembea pekupeku na huweza kujificha mwilini miongo mizima bila dalili, hata kwa mtu aliyeondoka Pwani zamani. Steroidi zikianza, huwa kama imefunguliwa mlango. Sasa hivi inatibiwa kwa vidonge tu. Mpigieni kaka simu leo, kabla mratibu hajaja kitandani na habari ya moyo.